Sauti Isiyo na Mwimbaji

Katika rekodi ya mlio wa maji ya mlima Matogoro kulikuwa na mwanamke anayeimba. Lakini siku aliyoirekodi, Kajetani alikuwa peke yake mlimani.

Kajetani Ngonyani alikuwa mtunzi wa muziki. Alianza na kinanda cha kanisa Peramiho, akatungia kwaya, kisha matamasha, na sasa alikuwa amepata filamu yake ya kwanza kubwa. Chumbani mwake, mtaa wa Lizaboni, aliirudia sauti ile mpaka ikamwingia moyoni. Akaizungushia fidla na ngoma, akaituma Dar es Salaam. Mwongozaji wa filamu akampigia simu huku analia.

"Huyo mwimbaji umemtoa wapi?"

"Hakuna mwimbaji. Ni utunzi wangu."

Tangu jibu lile, chumba kikaanza kunuka nywele zilizoungua.

"Baba Leticia, ifute hiyo sauti," mkewe Rosemary alinong'ona. "Naisikia hata umeme ukikatika."

"Niifute? Mama Leticia, hiyo ndiyo iliyonipa kazi!"

Jumapili, baada ya misa, Rosemary aliingia kumwita mumewe akale. Spika zilikuwa zimezimwa, nazo zikaimba. Shingo ya Rosemary ikapinda, macho yakabaki meupe, akakinyanyua kinanda cha mumewe kama mtu anavyonyanyua ungo, akampiga nacho Kajetani kifuani mpaka mbavu zikavunjika, akamkamata ukosi na kumgongesha kichwa ukutani, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka ukuta ukalowa damu, na muda wote huo kinywani mwake, bila kuvuta pumzi, ulikuwa ukitoka ule wimbo wa mlimani.

Jirani yao Bi Ashura, Myao wa Tunduru aliyejulikana mtaani kwa kutoa majini, alisikia vishindo akaja mbio na chetezo cha ubani. Akasoma aya, akampulizia Rosemary usoni.

"Wewe nani? Umefuata nini kwa watu?"

"Wimbo wangu," sauti nzito ikajibu kinywani mwa Rosemary. "Kauita wake."

Mikono ya Rosemary ikapanda shingoni mwake mwenyewe, ikakaba. Kucha zikazama, damu ikachuruzika hadi kwenye kitenge.

"Toka, kwa jina la Mwenyezi Mungu!"

"Sitoki mikono mitupu. Nipeni mwanamke huyu, au mumewe anipe masikio yaliyoniibia."

"Usimjibu, mwanangu!" Bi Ashura alimfokea Kajetani. "Nitamtoa!"

Lakini ulimi wa Rosemary ulikuwa umeshatoka nje, na uso unakuwa mweusi. Kajetani akatambaa hadi miguuni pake.

"Yachukue," akasema. "Mwache mke wangu."

Kitu kikapasuka kichwani mwa Kajetani. Damu ikamtoka katika masikio yote mawili. Papo hapo Rosemary akaanguka, akakohoa, akavuta pumzi. Harufu ikakatika.

"Alhamdulillahi, ametoka," Bi Ashura akahema.

Rosemary akamkumbatia mumewe, akaliita jina lake kwa nguvu mpaka majirani wakajaa mlangoni.

Kajetani akaikazia macho midomo ya mkewe.

"Sema basi, mama Leticia," akamwambia. "Mbona unafungua mdomo tu?"