Magreth Hataki Sauti ya Matanga

Sukari ilipofika duka la ushirika, nusu ya Mtwara ilikuwa kwenye foleni. Nusu nyingine, ya wakubwa, hupelekewa mzigo nyumbani. Gaudensi, kuli wa bandarini, alikaribia dirisha, mara mwanamke wa gauni la manjano, ananukia karafuu, akajipenyeza mbele yake.

"Dada, foleni inaanzia kule."

"Kwa lafudhi hiyo wewe Mngoni, mimi Mmakonde, mtani wako. Babu zako walikuja na mikuki kuchukua kuku wetu. Leo mimi nachukua nafasi."

Watu wakacheka. Ndiye Magreth, mwalimu wa kisomo cha watu wazima mtaa wa Likombe. Juma lilelile Gaudensi akajiandikisha darasani kwake.

"Herufi hiyo umeipindua, mpenzi," alisema Magreth, wakiwa wameshazoeana.

"Makusudi, uje uiname hapa."

Siku moja Magreth akalalamika nyonga inamuuma.

"Si ufe tu," Gaudensi akamtania. "Nitalala kaburini mwako kama watani wafanyavyo msibani, sitoki mpaka ndugu zako wanipe jogoo."

Magreth alicheka, kisha machozi yakamtoka kweli. Akamweleza: titi lilikatwa Dar es Salaam, sasa kansa imehamia mifupani. Madaktari wanaichelewesha tu, kuiondoa hawawezi.

Gaudensi akanyong'onyea. Marehemu mkewe, Elizabeti, aliugua titi akapewa dawa ya kuchua tu, na hakuna mkubwa aliyewahi kuwaambia kitu. Tangu hapo akawa anakwenda kwa Magreth na machungwa, ananong'ona, "Pole, Mwalimu." Mwishowe Magreth akamfungia mlango. Gaudensi akadhani ni kwa sababu ya utani ule wa kaburi.

Alimfuata kwenye mkutano wa kina mama, akasimama dirishani. Mwenyekiti wa tawi la chama alikuwa anakataa: mambo ya matiti si ya mkutano.

"Ndugu Mwenyekiti, redio imetufundisha kuchimba vyoo na kuua mbu," alisema Magreth. "Titi limekukosea nini? Wewe hukunyonya?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Akawageukia wanawake. "Jipapaseni. Ukikuta uvimbe, hata kama hauumi, nenda hospitali. Na sisi ambao ugonjwa umeshatutembea mwilini, tusingojewe tufe. Wapo madaktari wanaotafiti dawa yetu. Fedha za korosho za shamba letu la ujamaa mwaka huu ziwasaidie."

Mikono ikanyooka kukubali, mwenyekiti akalazimika kuihesabu.

Nje, Gaudensi akamsogelea. "Nisamehe kwa yale ya kaburini."

"Yale? Yale yalinichekesha. Mji mzima unanisemesha kwa sauti ya matanga, nawe ukajiunga nao. Sijafa, Gaudensi."

Gaudensi akakohoa, akatengeneza kola ya shati.

"Basi sikiliza, we Mmakonde mbaya. Nataka kukuoa. Kwenu mnachimba mizizi ya ming'oko porini kama ngiri, lakini nitaizoea."

"Utavumilia mpaka lini?" Safari hii Magreth hakutania.

"Siku zote utakazokuwepo. Na kila siku nitakuwa kero."

Magreth akampa mkono.

"Haya, nishike upande huu unaouma. Na utembee polepole, mshamba wa Songea."