Mgeni wa Saa Kumi na Moja

Mwaka ule mashua zilifika Kigoma kila siku, zimejaa watu waliokimbia vita ng'ambo ya ziwa. Mwanangu Gharib alikuwa karani bandarini. Kazi yake ilikuwa kuwaandika wakimbizi. Jina, kijiji, watoto wangapi, nani amepotea njiani. Alikaa kwenye kiti cha mbao tangu asubuhi mpaka jioni.

Saa kumi na moja anafika nyumbani kwetu Rusimbi. Anajilaza mkekani na viatu miguuni. Mkewe Hasna anamvua viatu, anamletea chai. Chai inapoa. Gharib anakoroma.

"Tazama kitambi hicho, mama," Hasna ananiambia. "Kinapanda na kushuka kama mtumbwi."

Siku moja kichwa kilimuuma sana, akaenda hospitali. Daktari akampima presha. Ilikuwa mia sitini na tano kwa mia moja na tano.

"Vidonge hivi umeze kila siku," daktari alisema. "Chumvi punguza. Na ufanye mazoezi, nusu saa kwa siku. Urudi baada ya miezi mitatu nione."

Nilipoambiwa neno presha, nilimkumbuka marehemu baba yake. Presha ilimwangusha pale pale mlangoni petu, kikombe mkononi, akafa. Alikuwa na miaka arobaini na minane. Gharib alikuwa na arobaini na sita.

"Mama, vidonge nitameza," aliniambia. "Lakini leo nimeandika watu mia tatu. Nguvu za mazoezi nizitoe wapi?"

"Nguvu za kubishana unazo," Hasna akasema.

Basi Jumatatu alijikaza. Alivaa bukta aliyochezea mpira zamani. Haikufunga. Hasna akaibana kwa pini. Gharib akatoka mbio.

Sasa elewa jambo moja. Mtaani kwetu, Gharib ndiye aliyekuwa wa kwanza kupata habari za vita, kwa sababu ya kazi yake. Watu waliishi roho juu. Na hakuna aliyewahi kumwona Gharib akikimbia, hata mvua ikinyesha.

Jirani yetu Leonia alikuwa anapika maharage nje. Alimwona karani wa wakimbizi anapita mbio, jasho linamtoka, mdomo wazi.

"Gharib, vita imefika wapi?" aliuliza.

Gharib hakuwa na pumzi ya kujibu. Alinyoosha mkono mbele tu, kuonyesha kwamba anaelekea mtaa wa Katubuka.

Leonia hakuuliza tena. Aliipua chungu kwa khanga, akaita watoto, akaanza kukimbia nyuma yake na chungu mkononi. Hamdani kinyozi alimwacha mteja kwenye kiti. Mteja, Mzee Dismasi, hakutaka kuachwa. Alikimbia na kichwa kilichonyolewa upande mmoja. Mtu mwingine alibeba godoro. Gharib alisikia vishindo nyuma yake, akadhani na wao wameambiwa na daktari. Akaongeza mwendo.

Walipofika uwanja wa mpira Katubuka, Gharib alisimama. Wote wakasimama.

"Tumepona?" Leonia aliuliza.

"Tumepona nini?" Gharib alisema. "Mimi nafanya mazoezi."

Mzee Dismasi alijishika kichwa, upande wenye nywele.

"Maharage yangu nusu yako barabarani," Leonia alisema polepole. "Kwa ajili ya kitambi chako."

Gharib alirudi nyumbani kwa njia ya nyuma. Akalala mkekani. "Basi," alisema. "Mazoezi kwangu yamekwisha."

Wiki mbili zikapita. Sikulala vizuri. Kila alipoinua kikombe, nilikitazama kikombe.

Katubuka alikuwako muuguzi mmoja, Heritier, aliyekimbia vita kutoka Uvira, ng'ambo ya ziwa. Gharib mwenyewe ndiye aliyemwandika jina. Alikuja kutuamkia, nami nikamweleza habari ya presha na ya zile mbio. Alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akamgeukia Gharib.

"Bwana Gharib, nani alikuambia ukimbie? Kutembea kwatosha. Utembee haraka kidogo, uweze kuongea lakini usiweze kuimba."

"Lakini nimechoka, ndugu yangu."

"Unachoka kichwa. Siku nzima unasikiliza maneno ya watu waliofiwa. Miguu yako inafanya kazi gani? Imelala chini ya meza."

Gharib aliitazama miguu yake.

"Hamu haiji kwanza," Heritier aliendelea. "Ukiingojea mkekani, haitakukuta. Utoke dakika kumi tu. Dakika kumi zikiisha na bado hutaki, urudi. Na usivue viatu. Ukivua viatu, umeshindwa."

"Nitaanza kesho," Gharib alisema.

Kesho yake alilala. Kesho kutwa akalala.

Nilifikiri. Mwanangu ana uvivu, lakini adabu nilimfundisha mwenyewe. Tangu utotoni hajawahi kumwacha mgeni aondoke bila kumsindikiza. Nilikwenda kwa Heritier, nikamwambia neno langu. Alikubali.

Kesho yake saa kumi na moja, Gharib alimkuta Heritier amekaa barazani kwetu. Wakasalimiana. Kabla Gharib hajainama kushika kamba za viatu, Heritier akasimama.

"Jamani, naomba njia."

"Mbona mapema?" Gharib alisema. Akatazama mkeka. Akanitazama mimi. Nilikuwa nachambua mchele. "Haya, nikusindikize."

Alisema atafika msikitini tu. Lakini mazungumzo yalikolea, wakafika Katubuka. Pale mlangoni kwake Heritier akasema, "Wewe sasa ni mgeni wangu. Siwezi kukuacha urudi peke yako." Akamrudisha hadi msikitini. Gharib akaona aibu, akamrudisha tena nusu njia. Walisindikizana mpaka saa moja kasoro. Gharib alirudi anatweta, akala, akalala usingizi mzuri. Maneno ya bandarini, alisema, aliyaacha njiani.

Kesho yake mgeni alikuwapo. Na kesho kutwa.

"Mtu huyu hana kwao?" Gharib alimuuliza Hasna.

"Kwao kuna vita," Hasna alijibu. "Msindikize."

Mwezi wa pili, siku moja Heritier alishikwa na homa, hakuja. Nilidhani mkeka umempata mtu wake. Gharib alifika, akakaa barazani, viatu miguuni. Akatazama barabara. Akasimama, akakaa. Akaja jikoni.

"Mama, leo huna safari ya kwenda kwa mtu?"

"Sina."

"Hata kwa shangazi Katubuka? Nikusindikize. Tukitoka huko tumwone Heritier."

Nilichukua khanga yangu. Tulitembea.

Miezi mitatu ilipotimia, daktari alimpima mara mbili, hakuamini. Mia thelathini na mbili kwa themanini na tano. Akamwambia aendelee na vidonge, na asiache kutembea.

Sasa Gharib ana miaka hamsini na moja. Bado hutoka kila jioni na viatu vya kazini. Siku nyingine mwendo unamkolea, anakuwa karibu ya kukimbia. Hapo Leonia huinua kichwa kutoka kwenye moto.

"Gharib, ni mazoezi?"

"Ni mazoezi, dada."

"Haya," husema Leonia, na kukifunika chungu chake.