Kamba ya Mateka

Vesbino nimechonga naye marumaru miaka mingi, na si mtu wa kuzua maneno. Siku hiyo alikuwa ameudhika vibaya. Kesho yake Kaisari angepita chini ya tao jipya la ushindi hapa Roma, na msimamizi wetu, Kalenio, alikuwa hambanduki masikioni kwa sababu ya mateka mmoja wa jiwe aliyechongwa juu ya tao hilo.

"Kamba ya mikononi imelegea tena. Watu waje kutazama adui anayefunguka?"

"Bwana, jiwe halilegei. Nimeichonga upya mara mbili."

"Basi ichonge tena, na leo uikaze kweli."

Vesbino akameza hasira, akachimba ndani zaidi, akatoa kamba ya nyuzi tatu, kila uzi mnene kama kidole. Aliposhuka akakumbuka kwamba patasi ameiacha juu. Akajilaani, akarudi kwa ngazi ya ndani ya tao, ambamo hata adhuhuri huoni mkono wako.

Humo gizani akasikia kwaru, kwaru, kwaru, jiwe likisuguana na jiwe, na katikati yake mtu akihema.

"Sabidio, acha upuuzi wako," akasema, akidhani ni mwenzetu anamtania. "Leo sina hamu ya kucheka."

Sauti ikakoma.

Akatokeza juani, kwenye jukwaa la mbao. Hapakuwa na mtu. Patasi ilikuwa palepale alipoiacha, imefunikwa na vumbi jeupe lililokuwa bado linadondoka. Akainua macho kwenye mikono ya mateka.

Kamba ilikuwa imebaki uzi mmoja.