Joto la Ghorofa ya Juu

Kila asubuhi, kabla hata ya kunywa kahawa, Gudrun alizunguka nyumba yake akifungua madirisha. Kila dirisha alililaza kidogo kwa juu, likaacha mwanya wa hewa, na lilibaki hivyo mchana kutwa, usiku kucha. "Nyumba isiyopumua huota ukungu," mama yake alimfundisha tangu utotoni. Pale Freiburg, Ujerumani, nani asiyejua hilo?

Lakini baridi ya mwaka huu ilimshinda. Alikaa sebuleni na sweta mbili na blanketi magotini. Hata hivyo, asingeumia sana kama si mdogo wake, Heike.

Heike aliishi ghorofa ya juu yake, katika jengo hilo hilo jipya. Walihamia pamoja. Nyumba zao zilifanana kwa vyumba, kwa madirisha, hata kwa rangi ya vigae. Lakini kwa Heike watu walivaa mikono mifupi! Na baya zaidi, mama yao, Elfriede, alikuwa amehamia huko huko juu. Kwa Gudrun hakumaliza hata wiki.

"Kwako miguu inaniganda, mwanangu," alisema akifunga mizigo. "Nitarudi baridi ikiisha, miti ikichipua."

Wivu ulimtafuna Gudrun. Si yeye aliye mkubwa? Si yeye aliyemuuguza mama alipovunjika nyonga? Leo Heike ndiye anayemchana nywele! Aliwasikia ngazini wakicheka, akafunga mlango kwa kishindo.

"Heike kila siku ni wa kupendelewa," alijisemea. "Mafundi wamemwekea heta ya siri ya kupasha nyumba joto. Haiwezekani bure bure."

Jumapili Heike alimwita kwa kahawa na keki ya tufaha. Gudrun alipanda, lakini si kwa ajili ya keki. Alikwenda kupeleleza. Mama aliposinzia kitini, na Heike akiwa jikoni, Gudrun akanyata hadi kwenye kabati la ukumbini. Akafungua. Ndani mlikuwa na sanduku jeupe la chuma, likinguruma taratibu.

"Dada, unatafuta nini kabatini mwangu?" Heike alikuwa nyuma yake, kisu cha keki mkononi.

"Nimekukamata! Heta yako hii hapa! Wewe wamekuwekea, mimi wameninyima!"

Heike alicheka mpaka akashika mlango. "We Gudrun! Hata kwako ipo, kabati lile lile. Umeweka nini humo?"

Gudrun akalikumbuka kabati lake. Mbele ya sanduku kama lile, ambalo hakuwahi kuuliza kazi yake, alikuwa amerundika makopo ya jamu.

"Na hii si heta," Heike aliendelea. "Ni mashine ya hewa. Inavuta hewa chafu ya jikoni na bafuni, inaitoa nje. Wakati huo huo inaingiza hewa safi. Hewa hizo zinapishana humu bila kuchanganyika. Ile inayotoka inaiachia joto ile inayoingia. Joto lenyewe linatokana na jua, jiko na miili yetu, na kuta nene na vioo vya tabaka tatu vinalitunza. Sasa niambie, madirisha yako yako vipi?"

"Yamelazwa. Kama mama alivyotufunza."

"Yote?"

"Yote."

"Na lile tundu la hewa kwenye dari ya sebule?"

"Nimeliziba kwa utepe. Lilinipulizia kisogo."

"Mungu wangu! Dada, hiyo ni kutia maji kwenye pakacha! Hewa safi umeizuia, joto unalimwaga nje."

"Na ukungu je?"

"Ukungu unaletwa na unyevu, na mashine inautoa unyevu saa zote. Kiangazi, fungua madirisha usiku upendavyo. Sasa ni Januari! Haya yote tulielezwa kwenye mkutano wa wakazi."

Kweli, Gudrun hakwenda. Alisikia Heike atakaa mstari wa mbele, akasema hawezi kwenda kumtazama kisogo.

"Mbona hukuniambia?"

"Nimegonga mlango wako mara ngapi? Kila siku una kazi."

Gudrun aliona haya. Kuuliza si ujinga, lakini yeye alipenda kuganda kuliko kumuuliza mdogo wake.

"Twende chini," Heike alisema.

Wakafunga madirisha. Wakabandua utepe. Wakaondoa makopo ya jamu, wakabadilisha chujio la mashine lililojaa vumbi. Siku zilizofuata nyumba ilianza kupata joto kidogo kidogo. Gudrun alivua sweta moja, kisha ya pili. Hewa haikunuka, wala ukungu haukuota.

Mama akashuka kumtembelea. Kabla hata ya kuketi, mkono wake ulikuwa kwenye dirisha.

"Mama, acha!" Gudrun alipiga kelele.

"Ala! Hata wewe? Heike naye ananigombeza hivyo hivyo." Mama akaketi, akavua viatu, akanyoosha miguu. "Lakini hapa sasa panakalika." Jioni ile mizigo yake ilishushwa.

Siku chache baadaye Heike alichungulia mlangoni. "Mama, juu kumepoa bila wewe. Unarudi lini?"

"Miti ikichipua, mwanangu."

Midomo ya Heike ikabetuka. Gudrun aliijua sura ile. Ilikuwa yake mwenyewe majuzi tu. Alitaka kucheka, akashindwa. Akavuta kiti cha tatu mezani.

"Ingia ukae, mdogo wangu," alisema. "Na funga mlango, joto linatoka."