Mkono Unaomfaa Bathsheba

Mjini Migori, ukisikia mashine inavuma nyuma ya soko asubuhi, jua Bathsheba ameshaamka. Yeye na mumewe, Gichana, walikuwa waosha kapeti. Si zile kapeti za kutupwa kwenye kamba na kupigwa fimbo, la! Ni zile zilizobandikwa sakafuni kutoka ukuta hadi ukuta, ambazo huwezi kuzitoa nje uzianike. Walikuwa wameosha za ofisi na za hoteli. Walikuwa wameosha hata ya mnunuzi mmoja wa dhahabu kule Masara, ambaye wageni wake huingia na tope jekundu mpaka kwenye vifundo vya miguu.

Mashine yao ilikuwa ndogo lakini yenye bidii. Ilikuwa na tangi la maji safi ya sabuni na tangi la maji machafu. Kwenye mashine ulifungwa mpira mrefu. Mwisho wa mpira kulikuwa na bomba la chuma lenye mdomo bapa. Bomba hilo waliliita mkono. Ukifinya kishikio chake, mdomo unanyunyiza maji kwenye kapeti. Papo hapo unayanyonya tena pamoja na uchafu.

Jumanne moja, Bathsheba alikuwa anapakia mashine kwenye tuktuk huku anaimba. Jirani yake Kaltum, muuza mapazia, akaja mbiombio. Kaltum ni mtu wa mizaha. Lakini siku hiyo hata salamu aliisahau.

"Mama Obare, hebu simama kwanza."

"Kuna nini, Mama Suhail?"

"Lile darasa letu la akina mama pale msikitini. Mliosha lini?"

"Jumapili."

"Basi mpaka leo ni maji! Asubuhi tumesujudu, magoti chapachapa, vipaji vya uso chapachapa. Na harufu yake! Kama mbuzi aliyenyeshewa."

Bathsheba akaweka chini kila alichoshika. "Mungu wangu! Kumbe nyinyi mnaweka hata uso pale chini?"

"Uso, pua, viganja, kila kitu. Wewe kanisani unakaa kwenye benchi, utajuaje?" Kaltum akashusha sauti. "Sikiliza. Mimi ndiye niliyesimama mbele ya kamati nikasema, huyu namjua, kazi yake ni safi. Leo wote wananitazama mimi."

Bathsheba aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Wamekubali mjaribu mara moja tu," Kaltum akaendelea. "Alhamisi asubuhi, ukumbi wa akina mama. Ijumaa adhuhuri tuna wageni kutoka Kehancha. Kapeti ikikauka, mtapewa msikiti wote muoshe kabla ya Ramadhani. Isipokauka, mimi sitafungua mdomo tena kwenye ile kamati. Na uoshe wewe mwenyewe. Akina mama wanataka mwanamke mwenzao."

Kaltum alipoondoka, Gichana akajikuna kichwa. "Mimi nikishika mkono, kapeti inakauka. Sijui wewe unafanyaje."

Lo! Maneno hayo yalimchoma Bathsheba. Darasa lile alikuwa ameosha yeye, kwa uangalifu wote, mpaka mgongo ukamuuma. Alikuwa amerudia kila mahali. Labda kweli hajui kazi. Labda amemponza rafiki yake bure. Machozi yakamlengalenga.

Gichana akaona amekosea. Akatoa simu haraka. "Usilie, mama. Tumuulize Filister wa Homa Bay."

Filister alikuwa fundi wa mashine za usafi. Pia yeye ndiye aliyekuwa anatunza kapeti za hoteli moja kando ya ziwa. Alisikiliza, kisha akasema, "Njooni kesho. Leteni mashine na mkono wake. Na Bathsheba asikose."

Kesho yake waliwasili Homa Bay mapema. Filister aliwapokea kwenye karakana yake, aproni kiunoni, kikombe cha chai mkononi. Sakafuni alikuwa ametandika kapeti kuukuu.

"Karibuni! Sasa niambieni, nani anashika mkono kazini?"

"Mimi," Gichana akasema.

"Na mimi, kwa akina mama," Bathsheba akasema polepole.

"Basi shika nikuone, mama. Fanya vile unavyofanya siku zote."

Bathsheba akashika mkono, mashine ikawaka. Akafinya, akavuta. Filister hakutazama mikono yake hata kidogo. Alipiga magoti, akainama mpaka shavu likagusa sakafu.

"Yawa! Gichana, njoo uone. Chungulia hapa chini ya mdomo."

Gichana akalala kifudifudi. "Naona mwanga upande wa pili."

"Eee! Mwanga ukipita, hewa inapita. Hapo mashine inanyonya hewa. Maji inayaacha kwenye kapeti. Sasa inuka, ushike wewe."

Gichana akashika. Yeye ni mrefu, mtu wa kuinama akiingia mlangoni. Filister akachungulia tena. Mdomo ulilala bapa kwenye kapeti. Hapakuwa na mwanga.

"Mmeona?" Filister akacheka. "Bomba hili limekunjwa kwa ajili ya mtu mrefu. Mtu mfupi akilishika, mdomo unainuka nyuma. Hata akirudia mpaka jioni, maji yatabaki."

Bathsheba akauliza, "Kwa hivyo si mimi?"

"Si wewe, mama. Ni mkono."

"Si mimi!" Bathsheba akapiga kelele. Akamgeukia mumewe. "Umesikia, Baba Obare? Si mimi!"

"Nimesikia," Gichana akasema. "Hata watu wa ng'ambo ya ziwa wamesikia. Nisamehe, mama. Niliununua nikijipima mimi peke yangu."

Filister akaleta mikono mingine miwili. Mmoja ulikuwa mpana, unang'aa kama sufuria mpya, wenye vitundu sita vya kunyunyizia maji. Mwingine ulikuwa wa wastani tu, wenye vitundu viwili. Bomba lake lilikunjwa kwa chini, kumfaa mtu mfupi. Mdomo wake ulivalishwa kipande cha plastiki chenye matobo. Juu ya mdomo kulikuwa na kidirisha cha kuonea maji yakipita.

Gichana aliuona ule mpana, macho yakamtoka. "Huu ndio wenyewe! Tutamaliza msikiti kabla ya chai."

Usimcheke. Hata wewe ungeuchagua huo.

"Tusibishane. Tujaribu," Filister akasema. Akachora mistari ya chaki kwenye kapeti, ikawa vipande vitatu. Bathsheba alitakiwa kuosha kila kipande kwa mkono tofauti, kwa mashine ile ile na sabuni ile ile. Kisha wangeweka kitambaa cheupe kikavu na kukikanyaga.

Alianza na mkono wao wa zamani. Kitambaa kikaloa.

Akashika ule mpana. Maji yakaruka shwaa! Mashine yao ndogo ikaanza kulalamika. Bathsheba akavuta kwa nguvu zote, lakini nyuma yake kapeti ilimeta kwa maji. Walipokanyaga kitambaa, maji yalitoka hadi kwenye soksi za Gichana.

"Haki ya Mungu!" Gichana akaruka.

"Si kwamba ni mbaya," Filister akasema. "Mimi nautumia hotelini na mashine kubwa, na unafanya kazi safi sana. Lakini nguvu ya mashine yenu ni kidogo. Mdomo ukiwa mpana, nguvu hiyo inatawanyika. Hebu fikiria soda. Kwa mrija unaivuta vizuri. Jaribu kuivuta kwa paipu ya bustani, utapata nini?"

"Mashavu kuuma," Bathsheba akasema, nao wote wakacheka.

Sasa akashika ule wa wastani. Akavuta. Ajabu! Ulikuja wenyewe, unateleza, haukwami.

"Hiyo ni kazi ya plastiki," Filister akaeleza. "Chuma kitupu kinakwaruza na kukwama, nawe unachoka. Plastiki inateleza, na mdomo unalala vizuri. Lakini ikilika, ibadilishe. Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu hata mkono mzuri ukitumiwa vibaya unaacha maji. Finya, vuta kuja kwako. Achilia kishikio, pita tena pale pale bila kunyunyiza. Tazama kidirisha. Ukiona maji bado yanapita, rudia. Yakikoma, songa."

Bathsheba akafinya, akavuta. Akaachilia, akavuta tena. Kwenye kidirisha maji meusi yalipita mbio, kisha yakapungua, kisha yakakoma.

"Yamekoma! Yamekoma!"

Gichana akaweka kitambaa. Bathsheba akakikanyaga, akakiinua juu. Kilikuwa na unyevu kidogo tu, kama nguo iliyokaribia kukauka kwenye kamba. Bathsheba akamkumbatia Filister, chai ikamwagika, na hakuna aliyejali. Walirudi Migori na mkono huo. Njia nzima Bathsheba aliupakata mapajani.

Alhamisi asubuhi alivua viatu mlangoni mwa ukumbi wa akina mama. Alifanya kazi kutoka kona ya ndani akija mlangoni, asikanyage alipomaliza. Finya, vuta. Achilia, vuta. Kaltum alisimama mlangoni anauma kucha.

"Mbona unarudia rudia?"

"Kidirisha hakijaniruhusu kusonga."

Alipomaliza, yeye na Kaltum walifungua madirisha yote na kuwasha feni. Jioni Bathsheba alirudi na kitambaa chake cheupe. Akakitandaza chini, akakikandamiza kwa goti. Kikavu. Akajaribu karibu na dirisha, akajaribu kwenye kona. Kikavu! Lakini bado alikuwa na wasiwasi, kwa sababu goti lake halikuwa akina mama wote wa msikiti.

Ijumaa, saa za swala, alishindwa kufanya kazi. Alikaa mbele ya duka la Kaltum lililofungwa, anainuka, anakaa, anainuka tena. Gichana alimnunulia mahindi ya kuchoma, naye akayashika tu mpaka yakapoa.

Mwishowe Kaltum akatokea mtaani, anatembea taratibu. Bathsheba akamkimbilia.

"Wamesema nini?"

"Hawakusema kitu."

Moyo wa Bathsheba ukashuka. "Hata kidogo?"

"Hata kidogo." Kisha Kaltum akashindwa kujizuia, akacheka. "Wewe, Mama Obare! Kapeti ikiwa na maji, akina mama watanyamaza? Leo tumesujudu, tumekaa chini, tumekula tende. Wageni wa Kehancha wamejinyoosha pale pale wakasinzia. Watu walikuwa wanazungumza juu ya hotuba, juu ya harusi, juu ya bei ya vitenge. Hakuna aliyekumbuka kwamba kuna kapeti!"

Bathsheba alichukua muda kuelewa. Alipoelewa, alipiga kigelegele mpaka wauza nyanya wakageuka kutazama. Akamshika Kaltum mikono, wakazunguka pamoja kama wasichana wa shule.

"Na kamati sasa inaniomba niwatafutie fundi wa umeme pia," Kaltum akasema kwa maringo. "Mimi neno langu ni zito."

Akatoa ufunguo kwenye mkoba. "Wa ukumbi mkubwa. Mwenyekiti amesema muanze Jumapili."

Gichana akanyoosha mkono aupokee. Kaltum akampita, akauweka kwenye kiganja cha Bathsheba, akamfumba vidole.

"Na mimi je?" Gichana akauliza.

"Wewe utabeba maji," Bathsheba akamwambia.

"Nitabeba, mama," Gichana akasema, na tayari alikuwa anakwenda kutafuta ndoo.