Barua za Tumbo

Kila alasiri, basi la shule lilipomshusha mbele ya jengo lao la matofali mekundu, Bhumika Timsina alipitia kwanza kwenye masanduku ya barua. Alichukua za kwao, akapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, akavua viatu mlangoni na kumwinamia babu yake ili amguse utosini. Hapo kazi ilianza. Bhumika alikuwa na miaka kumi na miwili, na ndiye pekee nyumbani aliyesoma Kiingereza bila kukwama. Barua ya umeme, ya hospitali, ya mwenye nyumba, zote alizisoma kwa sauti huku Babu Harkaman akisikiliza amefumba macho.

“Karani wangu,” Babu alizoea kumwambia, “ya hospitali isome mara mbili. Ya umeme mara moja inatosha, ile haijawahi kuleta habari njema.”

Jengoni humo ziliishi familia nyingi za Wanepali waliotoka Bhutan, na nyingi hazikuwa na mtu wa kuziandikia. Basi Bhumika akawa karani wa wote, tangu akiwa darasa la nne. Ilipofika sikukuu ya Dashain, ungewakuta kina mama wamejaa jikoni kwa akina Timsina, huyu na kibakuli cha achari, yule na mikate ya mchele ya kukaanga, kila mmoja akingoja barua yake. Barua zenyewe zilifanana kama mayai: mtoto wangu hakuja shule kwa sababu tumbo lilimuuma.

Ukweli ni kwamba hakuna tumbo lililouma. Siku ya kumi ya Dashain ndiyo kubwa kuliko zote kwa Wahindu wa kwao. Watoto hubaki nyumbani, na saa iliyotajwa na kuhani ikifika, mkubwa wa ukoo huwapaka tika kwenye paji la uso, yaani mchele uliochanganywa na mtindi na unga mwekundu, akiwatakia umri mrefu. Shule haikuijua siku hiyo. Kalenda ilikuwa na sikukuu za wengine, za kwao hazikuwamo, na mara mbili mtihani uliangukia siku hiyo hiyo.

Bhumika aliwahi kumwuliza Babu kwa nini wasiandike tu ukweli. Babu aliweka kando kikombe chake cha chai. Kisha akamsimulia jinsi maofisa walivyofika kijijini kwao Bhutan na daftari, wakamwuliza kila mtu jina lake, dini yake na lugha ya nyumbani kwake, kwa upole kabisa. Watu wakajibu, kwani walikuwa na nini cha kuficha? Haukupita muda, daftari lile lile likatumika kuwafukuza. Babu aliiacha michungwa yake ikiwa na matunda, akaenda kuishi miaka kumi na minane katika kambi ya wakimbizi Nepal, kabla ya kuletwa nchi hii.

“Mkubwa akikuuliza wewe ni nani, mwambie tumbo linakuuma,” Babu alimaliza. “Tumbo halina dini.”

Bhumika alicheka sana. Aliiona mbinu hiyo kuwa nzuri, na kwa miaka minne ilifanya kazi.

Mwaka ule, mwezi wa Mei, wazazi walichoka kujificha. Chama chao kiliongozwa na Dilliram Khatiwada, dereva wa lori ambaye hata akinong'ona husikika barabarani. Waliamua kupeleka ombi kwa bodi ya elimu ya mji. Hawakuomba shule zifungwe. Waliomba tu siku ya kumi ya Dashain iandikwe kwenye kalenda, isiwekewe mtihani, na mtoto asiyekuja asihesabiwe mtoro. Aliyeliandika ombi hilo ni nani kama si karani?

Babu alisema naye ataenda kikaoni. Baba alimkataza, kwa kuwa figo za mzee zilikuwa zimechoka na daktari alikwisha kusema yale ambayo madaktari husema wakiinamisha macho. Babu hakusikia la mtu. Alisema amezikimbia karatasi maisha yake yote, na sasa anataka kuiona siku yao imeandikwa, hata mahali pamoja tu, kabla hajaondoka. Basi wakamvalisha kofia yake ya Kinepali, wakamshika huku na huku, wakaenda naye. Bhumika aliketi pembeni yake amtafsirie.

Mwenyekiti wa bodi, Bwana Strickler, alikuwa mtu wa adabu. Aliuliza kama hiyo Dashain si ile sikukuu ya taa. Dilliram akamweleza kuwa hapana, ile ya taa huja baadaye, na kwamba wao ni Wahindu, lakini kwao Dashain ndiyo kubwa. Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa, akamwita katibu wake, Bi. Oakes, aliyekuja na faili mkononi.

Bi. Oakes alieleza kuwa bodi ina kanuni yake. Siku huingizwa kwenye kalenda ikiwa wanafunzi mia moja au zaidi hukosekana kwa sababu ya dini, miaka mitatu mfululizo. Kisha akasoma. Mwaka uliopita, siku waliyoitaja, waliokosekana kwa sababu ya dini walikuwa sita. Waliokosekana kwa ugonjwa walikuwa mia moja na tisini.

Mtu mmoja alicheka huko nyuma. Bi. Oakes akainua bunda la barua, akasema kwamba nyingi zinataja tumbo, na zaidi ya arobaini zina mwandiko wa mtu mmoja. Akaziweka mezani. Bhumika akaziona kutoka pale alipokaa, herufi zake mwenyewe zenye mikia ya kujipinda, zile ambazo kina mama walikuwa wakizisifia.

Wahenga husema mficha maradhi kilio humfichua. Hawa walifanya kinyume, waliificha sikukuu ndani ya maradhi, na bado walifichuliwa.

“Labda hawa watu hawahitaji sikukuu,” alisema mjumbe mmoja. “Wanahitaji daktari wa tumbo.”

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Babu akamgusa mjukuu wake mkono, akamwuliza watu wanacheka nini. Bhumika angeweza kumdanganya, na alitamani sana kumdanganya. Akamtafsiria yote, pamoja na ile ya daktari. Kisha akasimama.

“Barua hizo niliandika mimi,” alisema. “Hakuna aliyeumwa. Ilikuwa Dashain. Wote mia na tisini, au karibu wote, walikuwa nyumbani kwa ajili ya Dashain.”

Mwenyekiti alimshukuru kwa kusema kweli. Akasema pia kwamba bodi haiwezi kuhesabu kisichoandikwa, na kwamba barua za uongo si jambo dogo, mkuu wa shule atajulishwa. Wakapiga kura. Wawili walikubali ombi, watano walilikataa. Wazazi wakaambiwa warudi baada ya miaka mitatu, wakiwa na kumbukumbu zinazostahili.

“Miaka mitatu, Babu,” Bhumika alitafsiri.

Babu alihesabu kwa vidole vyake, kimoja, cha pili, cha tatu. Kisha akavikunja.

Nyumbani hakuna aliyetaka chakula. Baba alitaka kumgombeza Bhumika, akashindwa, kwani barua ya kwanza ni yeye aliyemwamuru aiandike. Dilliram alipita mlangoni, akasema maji yamekwisha mwagika, akaenda zake bila kunywa chai. Babu ndiye aliyemwita mjukuu wake akae karibu.

“Kosa ni langu, si lako,” alimwambia. “Kule walituandika wakatufukuza, nikadhani dawa ni kutoandikwa. Kumbe hapa tumejifuta wenyewe, tena kwa mkono wa mtoto. Usiandike tumbo tena, karani wangu. Hata mimi nikikuomba.”

Bhumika aliahidi huku akilia. Kesho yake alibisha mlango mmoja baada ya mwingine kuwaambia kina mama kwamba hataandika tena barua za tumbo, ila yuko tayari kuandika za Dashain bure hata usiku. Wachache walimwelewa. Wengi walimnunia. Mama mmoja wa ghorofa ya pili alimwuliza huo ukweli wake utamlisha nani. Shuleni mkuu alimwadhibu kukaa ofisini kila saa ya chakula, wiki tatu nzima, na wenzake wakipita dirishani walishika matumbo na kujifanya wanaugulia. Hadi shule ilipofungwa waliendelea kumwita Tumbo.

Babu alifariki mwezi wa Septemba, Jumanne asubuhi, majira ya joto yalipokuwa yakiisha. Baba alinyoa kichwa, akavaa nguo nyeupe, akakaa msibani siku kumi na tatu akila mlo mmoja usio na chumvi. Na desturi yao ni kwamba nyumba iliyofiwa na mkubwa haipaki tika mwaka mzima. Chochote chekundu huwekwa kando.

Dashain ikaja Oktoba. Asubuhi ya siku ya kumi, harufu ya vitu vya kukaanga ilipanda ngazi kutoka kwa jirani, ila jikoni kwa akina Timsina meko yalikuwa baridi. Bhumika aliketi mezani na karatasi mbele yake. Tangu Mei alikuwa akiingoja karatasi hiyo. Angeandika Dashain, angebaki nyumbani, na hesabu ya bodi ingeongezeka mtu mmoja.

Mama yake alimwona, akavuta kiti.

“Mwaka huu nyumba hii haina Dashain, mwanangu,” alisema taratibu.

Bhumika aliitazama karatasi. Mama alikuwa amesema kweli. Kuandika Dashain mwaka huu kungekuwa uongo kama ule wa tumbo. Akaikunja, akavaa koti, akaenda shule.

Majirani walimpa barua zao azipeleke ofisini, kama zamani, ila sasa kila nyumba ilikuwa imejiandikia kwa Kiingereza cha kuokoteza. Zilikuwa kumi na moja. Karani wa shule, mama wa makamo mwenye miwani shingoni, alizifungua moja moja mbele yake na kuziingiza kwenye kompyuta, akisoma kwa sauti ya chini. Tumbo. Homa. Tumbo. Jino. Tumbo tena. Ya saba ilitoka kwa Nirjala, rafiki yake, na ilisema Dashain. Ya tisa pia. Nyingine zote zilikuwa magonjwa.

Yule mama aliinua macho, akamtazama paji lake la uso lisilo na kitu. “Na wewe je? Nilidhani leo ni sikukuu yenu.”

“Kwetu kuna msiba,” Bhumika alijibu.

“Pole sana, binti yangu,” alisema karani, na mbele ya jina la Bhumika Timsina akaandika kwamba yupo.

Darasani viti sita vilikuwa vitupu. Kulikuwa na mtihani wa hesabu. Bhumika aliufanya wote na hakumwangalia mtu.

Jioni alimkuta Mama akikunja kofia ya Babu aiweke sandukuni. Mama alimwuliza ni wangapi walioandika kweli, naye akasema katika barua alizobeba ni wawili, na wanatakiwa mia.

“Hatutafika,” Bhumika alisema. “Hata miaka mitatu, hata kumi. Hatutafika, Mama.”

Mama hakumbishia. Alifunga sanduku kwanza.

“Pengine hatutafika,” alisema. “Uongo ule ulitupa siku moja ya raha kila mwaka, na sisi tukadhani ni wa bure. Kumbe tulikuwa tukilipa kwa jina letu. Babu yako hakukwambia useme kweli ili ushinde. Alikwambia ili mtu akitutafuta atukute. Wawili ni wachache, lakini hao wawili hakuna anayeweza kusema hawakuwapo. Mwakani uandike yako.”

Bhumika alikitazama kiti cha Babu karibu na dirisha. Akasema ataandika. Nani atakayempaka tika badala ya Babu, hakuuliza.