Chiku na Jojo Tano

Mama Ritha, jirani yetu wa chumba cha mbele, anasema Jumatano jioni alisikia kofi kwa masikio yake mwenyewe. Anasema lililia pa, mtoto akaangua kilio, na asubuhi akamwona Chiku anatoka kununua uji amefungwa kanga kuanzia kidevuni hadi utosini. Akahitimisha kuwa nimemtegua taya. Habari ikapita bombani, ikapita kwa mama lishe wa pale kona, ikavuka maji mpaka Kigamboni kwa dada yangu Tatu, ambaye ndiye mama mzazi wa Chiku.

Mlio ulikuwepo, sikatai. Nilikuwa naua mende kwa ndala.

Chiku ana miaka kumi na miwili. Anakaa nami Mchafukoge kwa sababu shule yake iko karibu. Alipewa jina la marehemu mama yetu, kwa hiyo tangu akiwa mchanga sikumwita Chiku, nilimwita mama. Mama, njoo ule. Mama, umeoga? Wateja wangu walikuwa wanacheka. Akitoka shule hunifuata Kariakoo, kwenye baraza ya duka ninaposhonea sare, anakaa kwenye kigoda na kunipunguzia nyuzi kwa mkasi.

Hapo barazani ndipo nilipoanza kuona mambo. Akipiga miayo, taya lake lilitoa mlio mbele ya sikio, tak. Akawa anatafuna chapati kwa upande mmoja, kisha chapati yenyewe akaikataa, akitaka chai tu. Nikamuuliza kama bado anatafuna jojo, zile bablishi za dukani, maana nilishamkataza mara mbili. Akaapa kwamba aliacha tangu Ramadhani. Nikamwamini. Jumatano ile taya likagoma kufunguka vizuri, akalia kwa maumivu. Nikamkanda, nikamfunga kanga, nikamwambia Ijumaa tutaenda hospitali.

Alhamisi mchana dada akatangulia kufika. Alisimama katikati ya ua, wala hakuketi. Mama Ritha alikuwa mlangoni kwake anachambua mchele ambao ulishachambuliwa.

"Chiku, niangalie," dada alisema. "Mamdogo wako amekupiga?"

Chiku aliniangalia mimi, kisha akaangalia chini. Akatikisa kichwa, ndiyo.

Nilihisi kama nimevuliwa nguo mbele ya ua mzima. Mtoto niliyemlisha, niliyemsuka kila Jumapili. Dada akaanza kukunja nguo za mwanawe, akisema atamhamisha shule. Nikamwomba jambo moja tu, kwamba kabla ya kumchukua twende naye kwa daktari, sote watatu.

Daktari Jovitha, wa meno na kinywa, aliweka vidole mbele ya masikio ya Chiku, akamwambia afungue mdomo taratibu, halafu afunge. Tak. Akasema hicho ni kiungo cha taya, kimechoshwa, na misuli yake imekaza kama kamba. Kisha akauliza kofi lilitua wapi, kwa sababu haoni uvimbe wala mchubuko. Chiku akaonyesha shavu la kulia. Taya lililokuwa linauma lilikuwa la kushoto.

Dada akamgeukia mwanawe.

"Sikiliza, mwanangu," daktari alisema bila ukali. "Mimi natibu kwa kufuata maneno ya mgonjwa. Ukinipa ya uongo, nitakutibu ugonjwa usiokuwa nao, na huu ulio nao utabaki. Unatafuna nini?"

Machozi yakamtoka. Akaeleza kwamba yeye na rafiki yake Swaumu wanashindana, jojo tano kwa mpigo, nani atatafuna mpaka magharibi. Nikikaribia, huzibandika chini ya meza ya cherehani yangu. Dada akamuuliza kwa nini basi alinisingizia mimi.

"Niliogopa utajua bado natafuna," Chiku alisema. "Mamdogo hagombi."

Maneno hayo mawili yaliniuma kuliko kile kichwa alichotikisa.

Daktari akamwandikia dawa ya maumivu ya siku chache. Akakataza jojo na kutafuna barafu, akataka ale vyakula laini, akandwe kwa kitambaa cha maji ya moto asubuhi na jioni, asiegemeze kidevu kwenye ngumi, na miayo asiiachie mdomo wote. Nje, dada alinishika mkono akaniomba radhi. Mtoto akabaki kwangu, ila tangu siku hiyo nikawa namwita Chiku. Mama Ritha siku hizi anasema yeye alijua tangu mwanzo kuwa ni jojo.

Wiki ya tatu sasa, Chiku anakula wali, na ule mlio umekuwa wa nadra. Jojo za chini ya meza alizibandua mwenyewe kwa kisu, kumi na tisa. Jana jioni nikiwa namkanda nilimwambia, "Taya lako limepona kwa sababu umeacha kulitwisha mzigo. Na mimi usinitwishe kosa lako kwa kuwa sipigi kelele. Mtu anayekuvumilia ndiye wa kumwambia ukweli wa kwanza."

Akaitikia. Kisha akasema polepole, kitambaa kikiwa shavuni:

"Mamdogo, niite mama, kama zamani."

Nilichovya kitambaa kwenye beseni. Maji yalikuwa yamepoa. Jina lile lilikuwa bado halijanirudia mdomoni, nikainuka kwenda kuyachemsha tena.